Kiti Namba Moja Kinaupa Moto Mgongo

Nimestaafu wiki iliyopita, nikiwa na miaka kumi na minane na miezi miwili. Nilipolisema hilo mezani Mama alicheka. Yeye anatunza wazee, na kwake mstaafu ni mtu wa kushikwa mkono kwenda msalani. Lakini nimefanya kazi Nyumba Kubwa miaka miwili, kila Jumamosi na Jumapili na likizo zote za shule, na nimeondoka nikiwa sina nia ya kurudi. Sijui hali hiyo niiteje vingine.

Nawaandikia Esta na Riziki, mnaoanza pale mwezi ujao. Mliniuliza baada ya ibada kazi ikoje, nikasema iko sawa tu, nikaenda kusimama nyuma ya spika. Mnanijua. Kuongea kwangu ni kazi. Kuandika si kazi. Nina madaftari sita chini ya kitanda, yote kwa Kiswahili, kwa sababu mdogo wangu anakisikia lakini hawezi kukisoma. Nimeyatoa, na haya mengi yametoka humo. Mishahara na vyeo nitaviruka. Cheo nilipata kimoja, na mtaona kwa nini sipendi kukisema. Najua pia mnachokisikia kanisani kumhusu Mama Furaha, kwamba alikaribia kumuua mgeni kwa uzembe. Hilo ndilo hasa linalonifanya niandike. Nitalifikia.

Jina la Nyumba silitaji. Basi dogo la wafanyakazi huwachukua nje ya stesheni ya Liverpool, yetu ya huku kusini mwa dunia, si ile ya Uingereza, saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, na dereva hangoji mtu hata akikuona unakimbia. Mnaenda mpaka nyumba za watu zinaisha, kisha geti, kisha miti iliyopangwa kama wanafunzi mstarini, kisha Nyumba yenyewe. Ilijengwa zamani na Mwingereza aliyetajirika kwa sufu ya kondoo na akakumbuka kwao kiasi cha kuleta mawe ya meko kwa meli. Sasa ni hoteli. Watu wa mjini huja kulala siku mbili na kula kama mabwana wa Kiingereza wa zamani, kwa kengele na mishumaa na visu vitatu kwa mtu mmoja. Mwezi wa Januari, jua likichoma nyasi nje, moto huwashwa kwenye meko ya chumba cha kulia na kiyoyozi huwashwa juu yake ili wageni wasizimie. Ukutani kuna picha za mababu wenye mashavu mekundu. Niliuliza ni akina nani. Zilinunuliwa mnadani. Ni mababu wa watu wengine.

Siku yangu ya kwanza nilitapika stesheni. Nawaambia ili mkitapika msidhani mmeanzisha ninyi. Aliyenipokea kwenye mlango wa nyuma alikuwa Mama Furaha, msimamizi wa vyumba, mwenyeji wa Uvira, Kongo, anayeishi Bankstown. Mama yangu ndiye aliyemwomba anitafutie nafasi. Alinitazama viatu, kucha, nywele, kisha uso, kwa mpangilio huo.

"Uko unatetemeka juu ya nini?"

"Sijui kuongea na watu, Mama."

"Ni muzuri sana. Hapa hakuna kuongea." Akanifunga aproni mwenyewe, akaikaza mpaka nikakohoa. "Hawa watu hawakuya kukuona weye. Walikuya kuona nyumba. Weye ni kiti. Kiti inasema?"

"Hapana, Mama."

"Kiti haisemi. Ila kiti inajua nani anaikalia."

Kazi inayokukataza kusema. Niliona kama imeshonwa kwa kipimo changu.

Mwaka wa kwanza nilikuwa vyumbani naye. Vyumba ni kumi na viwili, na kila kimoja kina ufunguo uliofungwa kipande cha shaba kizito, ili mgeni asiondoke nao mfukoni. Mtajifunza kukunja shuka kwenye kona mpaka likae kama bahasha. Mtajifunza kusugua beseni la kuogea lenye miguu ya simba, na kwamba uchafu wote hujificha kwenye kucha za simba. Nta ya mshumaa ikimwagika kwenye zulia, wekeni karatasi ya kahawia juu yake na pasi ya moto mdogo, msikwangue kwa kisu kama nilivyofanya mimi chumba cha tatu. Kovu bado lipo, chini ya kiti cha dirishani, na sasa mnajua ni la nani. Pandeni ngazi za nyuma tu. Ni nyembamba, zilijengwa ili watumishi wa zamani wasionekane, na mabega ya Mama Furaha yalikuwa yanagusa kuta zote mbili. Alikuwa akisema Mwingereza yule aliwapima watumishi wenye njaa.

Kitanda, mto ndio wa mwisho. Mama Furaha alikuwa anauweka, kisha anabonyeza katikati kwa kiganja, mara moja, anasikiliza kwa mkono kama daktari. Mto wa chumba cha sita haukumridhisha hata siku moja. "Hii ni muti," alikuwa anasema. "Watu wanalipa, wanalala juu ya muti."

Lakini chumba cha sita ndicho alichokuwa amekichagua. Hapo lazima nieleze desturi ya Nyumba, maana mtaiona kwenye fremu karibu na jiko. Mfanyakazi akitimiza miaka kumi anapewa usiku mmoja kama mgeni. Anaingia kwa mlango wa mbele. Anachagua chumba. Jioni anakaa chumba cha kulia, na wenzake wanamhudumia kwa glavu nyeupe kama mgeni mwingine yeyote, na hawaruhusiwi kucheka. Kwenye fremu kuna picha za waliowahi: mtunza bustani mmoja, mpishi mmoja wa zamani, na mama mmoja Mvietinamu wa kufua nguo aliyekaa wima kama yuko kwa fundi wa meno.

Mama Furaha alikuwa anatimiza miaka kumi mwezi wa Julai. Alikuwa ameshanunua gauni la kijani, Bankstown, akalionyesha kwenye simu kwa wote, hata kwa dereva. Alikuwa amejua atakula nini. Alikuwa amejua ataoga muda gani. Aliniambia, "Mutoto wangu, miaka kumi ninatandika hiyo kitanda. Siku moya tu, mutu mwingine anitandikie. Unitandikie weye. Hiyo kona yako iko muzuri."

Mimi kusifiwa ni nadra. Niliandika maneno hayo kwenye daftari la tatu nikayapigia mstari.

Kesi ngumu zilikuwepo. Mgeni wa chumba cha tisa, mwanamke wa peke yake, alikaa siku nne na kitanda chake hakikuguswa. Alilala kwenye kiti, na kila asubuhi tulikuta mto wa pili umefunikwa vizuri na gauni la kulalia la kiume. Tulitandika tu. Wapo walioomba kubadilisha meza kwa sababu hawakutaka kukaa chini ya babu aliyewakodolea macho, wakati hata babu mwenyewe hakuwa wa pale. Yupo mzee aliyesahau meno yake kwenye glasi ya maji na akashikilia kwa simu kwamba si yake. Mama Furaha alimwambia mpokea wageni, "Basi tumpe babu wa ukutani." Hapo nilicheka kwa sauti kwa mara ya kwanza mle ndani.

Mwaka wa pili nilipelekwa chumba cha kulia, kutandika meza tu. Kifaa chenu hapo ni rula. Ipo kwenye droo ya pili, ya mbao, imevunjika ncha. Uma ukae umbali wa upana wa dole gumba kutoka ukingoni, na glasi zisimame mshazari kwa pembe ileile meza zote. Kitambaa cha meza kinapigwa pasi kikiwa tayari mezani, na harufu yake hiyo ndiyo harufu ya Jumapili kwangu mpaka leo. Kuhudumia sikuruhusiwa. Kuhudumia kuna mafunzo yake ya wiki tatu, na bado sikuwa nimeyapata.

Sasa someni hapa polepole, maana kila kitu kinategemea hapa. Nyumba Kubwa haimuulizi mgeni sahani hii ni ya nani. Kuuliza ni aibu. Ni kama kukiri kwamba humjui aliye mezani kwako. Sahani pia hazina alama, kwa sababu mpishi mkuu anasema chakula si mzigo wa posta. Badala yake viti vina namba. Kiti namba moja ni kile kinachoupa moto mgongo. Kutoka hapo mnazunguka kama mshale wa saa, mbili, tatu, mpaka mwisho. Jikoni wanapanga sahani kwenye sinia kwa mpangilio huo, na anayepeleka anafuata mpangilio huo, na hakuna anayefungua mdomo. Wageni wanashangaa jinsi tunavyojua. Wanadhani ni uchawi wa Kiingereza.

Jumapili moja ya Aprili wahudumu wawili waliugua. Meneja wetu, Bi Margaret, alikuja mbio kwenye korido akiwa na karatasi mkononi. Kulikuwa na familia ya watu sita kwenye chumba kidogo cha vitabu, ambacho nacho kina meko, bibi yao anatimiza miaka themanini. Akamwambia Mama Furaha, ambaye Jumapili alihudumia pia chumba cha kulia, aende, na aende na mtu wa kumsaidia. Mama Furaha alinitazama.

"Huyu hajafunzwa," akasema.

"Ni meza moja tu," akasema Bi Margaret, akaondoka.

Supu ilikwenda vizuri kwa sababu aliipeleka Mama Furaha. Nyama ilikwenda vizuri pia. Kwenye kitindamlo mikono yake ilikuwa imechoka, akasema tugawane. Yeye atasimama kwenye kabati refu la pembeni ambako sinia linatua, mgongo kwa wageni, anipe sahani moja moja. Mimi nitaweka mezani. Namba atazinong'ona kwa Kiswahili. Kilikuwa kitindamlo cha peasi zilizookwa juu ya unga wa lozi, na krimu juu yake. Sahani ya tano haikuwa na lozi. Kijana wa kiti cha tano, mjukuu, lozi zilikuwa sumu kwake. Iliandikwa kwenye karatasi ya jikoni kwa kalamu nyekundu. Kwa macho sahani zote sita zilikuwa sawa.

"Moya," akanong'ona Mama Furaha.

Nikageuka na sahani. Kwenye kiti namba moja alikaa msichana wa umri wangu, anachezea simu chini ya meza. Kwenye kiti cha tatu alikaa bibi, nywele nyeupe zimechanwa vizuri, mikono mapajani, anangoja. Sikufikiri. Kama ningefikiri ningekwenda kwa yule msichana, maana mpangilio niliujua kama jina langu. Lakini kwetu humpiti bibi ukiwa na sahani ya kwanza ukampa mtoto. Tangu nina miaka mitano nabeba chakula kwenda kwa wageni wa baba, wa kwanza ni mkubwa, na ukikosea unaitwa pembeni. Miguu ilikwenda yenyewe kwa bibi. Nikamwekea. Akaniambia asante mpenzi, na mimi, kwa sekunde hiyo, nikaona raha.

"Mbili."

Nikaendelea kuzunguka kutoka kwake. Sahani ya pili kiti cha nne. Ya tatu kiti cha tano. Ya nne, ya tano, ya sita. Sahani isiyo na lozi ilikwenda kwa msichana wa simu. Kijana alipata ya tatu.

Mama Furaha aligeuka sinia likiwa tupu, akaona kila mtu ana sahani, akaniashiria kwa kidevu tutoke. Tulikuwa bado hatujafika mlangoni kijana alipokohoa. Alikohoa tena, akacheka, akasema koo linamwasha. Mama yake alisimama ghafla, kiti kikaanguka. Akawa anamwaga mkoba wake mezani, juu ya krimu, anatafuta sindano ya dharura. Midomo ya kijana ilivimba mbele yetu, kama unga unaoumuka, na rangi yake ikaondoka. Nakumbuka bibi alibaki na kijiko mkononi. Nakumbuka moto ulikuwa unalia kwenye meko. Sindano ilipatikana ikachomwa, ambulansi ikaja kwa mlango wa mbele, na matairi yake yakakwangua changarawe ambayo mtunza bustani huichana kila asubuhi.

Hakufa. Bi Margaret aliniambia kwa simu siku ya pili kwamba anaishi. Hakusema zaidi, na neno hilo tangu siku ile naliona fupi.

Jioni ileile, kabla basi halijaondoka, tuliitwa ofisini. Mpishi mkuu alikuwepo, uso mwekundu kuliko mababu. Akasema sahani zake zilitoka jikoni zimepangwa sawa. Bi Margaret akauliza nani alizichanganya. Nilikuwa nimeshajua. Nilijua tangu kwenye korido, nilipohesabu viti kichwani nikiwa nimeshika ukuta. Nilifungua mdomo, na sauti haikuwepo. Mnaijua hali hiyo? Kama bomba ambalo limefungwa mtaani, unafungua na kufungua.

"Ni miye," akasema Mama Furaha. "Sinia, nilizungusha vibaya. Huyu mutoto alifuata namba zangu."

Nataka niwe mkweli kwa sababu hii ndiyo nafasi yangu. Sikuumia. Nilishukuru. Nilimwangalia kiatu chake na nikashukuru kama mtu aliyesahauliwa na mwalimu siku ya kusoma mbele ya darasa.

Aliambiwa akae nyumbani mpaka atakapoitwa. Madaftari yangu ya wiki zile yana sentensi moja moja. Jumatatu: kesho nitamwambia Bi Margaret. Jumanne: kesho. Jumatano imeandikwa tu "K". Ijumaa tulikutana kwenye maombi, Liverpool, mimi na Mama Furaha, kwenye meza ya chai. Alinimiminia kikombe, akaniwekea sukari mbili bila kuuliza.

"Uko na kitu ya kuniambia, mutoto wangu?"

"Pole, Mama."

"Aya."

Ijumaa iliyofuata aliuliza tena, kwa maneno yaleyale. Nikasema pole tena. Hakuniwekea sukari. Ijumaa ya tatu alikuwa ameshapata barua ya kuachishwa kazi, na hakuuliza kitu. Ndipo maneno ya uzembe yalipoanza kuzunguka kanisani, na mimi niliyasikia nikiwa nimesimama nyuma ya spika.

Mei nilipewa mafunzo ya wiki tatu, kisha nikapewa nafasi yake ya Jumapili kwenye chumba cha kulia. Hicho ndicho kile cheo.

Nilisema mwezi wa Juni, siku ya Jumamosi, saa tatu asubuhi. Nilikuwa nimeyaandika yote kwenye karatasi ili nisikwame. Nilimkuta Bi Margaret anapanga maua ya mezani. Nikasoma karatasi yote nikiwa nimesimama: kiti cha tatu, bibi, mbili, tatu, sahani ya tano. Alinisikiliza huku amebana waridi kati ya vidole. Kisha akafunga mlango.

"Nilikuwa nimekisia," akasema. Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha. "Bibi yule alituandikia. Alisema binti mdogo alimpa yeye kwanza, na kwamba lilikuwa jambo zuri, kabla ya yale mengine."

"Basi Mama Furaha anaweza kurudi."

"Familia imekubali ombi letu la radhi. Jambo limefungwa. Nikilifungua, itabidi nieleze kwa nini nilimpeleka msichana wa miaka kumi na saba asiye na mafunzo kwenye meza yenye onyo la kalamu nyekundu." Akachomeka waridi kwenye chombo. "Wewe ni mfanyakazi mzuri. Nenda kaangalie meza ya nne, glasi zimepinda."

Nilikwenda nikaangalia meza ya nne. Glasi zilikuwa zimepinda kweli.

Wiki ile nilikwenda na karatasi yangu kwenye ofisi ya msaada, Liverpool, ile inayosaidia watu kujaza fomu. Mama wa pale aliisoma mara mbili. Akaniuliza barua ya kuachishwa ilitoka lini. Nilipomjibu, akaiweka karatasi mezani akainyoosha kwa kiganja. Muda wa kulalamika ulikuwa umepita. Si kwa mbali sana. Kama ningesema Ijumaa ile ya kwanza, au ya pili, hata ya nne, alisema, kungekuwa na la kufanya.

Julai chumba cha sita walilala watu wa Melbourne. Nilikitandika mimi. Niliikunja kona kama bahasha, nikauweka mto, nikaubonyeza kwa kiganja. Kwenye rosta ya ofisini, tarehe ile, jina la Mama Furaha lilikuwa bado linaonekana chini ya wino wa kufutia.

Nilichukua miezi mingine kumfuata. Mitihani, nilijiambia, na kweli kulikuwa na mitihani. Mwezi uliopita nilikwenda Bankstown, Jumapili mchana, siku ambayo nilipaswa kuwa kazini. Siku hizi Mama Furaha anafunga maboksi kwenye ghala, Seven Hills. Alifungua mlango akiwa na mwiko mkononi na mkanda wa mgongo kiunoni, juu ya kitenge. Sebuleni walikuwa watoto wake wawili na mama mkwe wake, ambaye wote humwita Koko, yaani bibi, mzee sana, amekaa karibu na hita. Nilimwamkia Koko kwanza. Mama Furaha akaniingiza jikoni. Nikasema yote nikiwa nimesimama karibu na sinki, bila karatasi.

Alikuwa anakoroga sombe, majani ya muhogo. Hakuacha kukoroga.

"Nilijua siku ile ile," akasema. "Miye nilibeba sinia miaka ngapi? Namba zangu zilikuwa sawa. Nilijua ni weye."

"Sasa kwa nini ulinikinga, Mama?"

"Sikukukinga." Akaonja, akaongeza chumvi. "Niliona mutoto amekauka mbele ya wakubwa. Nikasema, acha nibebe hii leo, apumzike, kesho atasema yeye mwenyewe. Ni siku moya tu. Nikakungoja kesho. Nikakungoja Ijumaa. Nikakuwekea na sukari."

Nikachukua kijiko kwenye sinki nikakiosha.

"Ulimupa nani wa kwanza?" akauliza.

"Bibi."

"Eh." Akatikisa kichwa, sijui kwa kukubali au kwa kuchoka. "Ningekuwa mama yako ningekupiga kama ungempita." Kisha, kama anauliza habari za hali ya hewa, "Julai, chumba ya sita, walilala nani?"

"Watu wa Melbourne."

"Walisema nini?"

"Walisema mto ni mgumu."

Mama Furaha alizima jiko. Aliangalia sufuria, na nikaona mdomo wake unataka kucheka na macho yake hayataki. "Ni muti," akasema. "Nililala pale kwa mukono miaka kumi. Mukono inajua."

Gauni la kijani sikuliuliza. Nililiona nilipokwenda kunawa, limening'inia nyuma ya mlango wa bafu, bado lina karatasi ya dukani kwenye kwapa.

Esta, Riziki, mengine mtajionea. Viatu viwe vyeusi na soli laini. Rula ipo droo ya pili. Mkisikia tena kanisani kwamba Mama Furaha ni mzembe, mna karatasi hii, msomeeni yeyote, na jina langu lipo nyuma. Nimempelekea mchungaji nakala.

Siku ile ya Bankstown alinibakiza kula. Alisimama kwenye jiko, mgongo kwetu, akapakua, akanyoosha sahani ya kwanza nyuma bila kugeuka, kama zamani.

"Moya," akasema.

Niliishika. Mezani kulikuwa na viti vinne na hita ukutani, na watoto walikuwa wananitazama, na Koko alikuwa ameweka mikono mapajani. Nilijua ya nani. Hata hivyo nilisimama palepale na sahani inanichoma vidole, nikauliza, kwa sauti iliyosikika mpaka mlangoni:

"Mama, hii ni ya nani?"

Aligeuka. Alinitazama viatu, mikono, kisha uso.

"Ya Koko," akasema. "Muwekee."